Hesabu za Taifa Huanzia Jikoni

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu aghalabu huambiwa mwenye duka anayekopesha bila kuandika, lakini maana yake yaenea mbali zaidi ya duka. Taifa nalo ni kama nyumba yenye watoto wengi. Serikali isiyojua ina watu wangapi, wanaishi wapi, wanakula nini na wananunua kwa bei gani, ni sawa na mpishi wa kambi aliyeamriwa kupika bila kuelezwa idadi ya askari watakaokula. Akipika kidogo, watu watalala na njaa. Akipika kingi, chakula kitamwagwa.

Katika miaka ya karibuni nchi yetu ya Uganda imepiga hatua katika kazi hii ya kuhesabu na kupima uchumi. Matokeo yake hutangazwa redioni mara kwa mara, nasi husikia tarakimu zikipita bila kujua zimetoka wapi wala zinatuhusu nini. Mtu asiyeelewa tarakimu ni rahisi kupotoshwa nazo. Yamkini ataamini kwamba amekuwa tajiri kwa sababu pato la taifa limetajwa kuwa kubwa, au ataamini kwamba anadanganywa kwa sababu bei iliyotangazwa haifanani na hali ya mfuko wake. Mawazo yote mawili si sahihi. Kwa ajili hiyo, makala hii yakusudia kueleza, kwa lugha ya nyumbani, jinsi hesabu hizo zinavyofanywa, zilivyoboreshwa, na namna familia ya askari inavyopaswa kuzisoma.

KUHESABU WATU

Msingi wa takwimu zote ni idadi ya watu, maana pato la nchi nzima lisipogawanywa kwa watu haliwezi kueleza hali ya mtu mmoja. Tangu tupate uhuru, hesabu ya watu imefanywa mara sita. Mwaka 1969 tulikuwa watu milioni 9.5, mwaka 1980 milioni 12.6; mwaka 1991 milioni 16.7, mwaka 2002 milioni 24.2, mwaka 2014 milioni 34.6, na mwaka 2024 milioni 45.9. Msomaji ataona kwamba katika muda wa miaka 55 tumeongezeka karibu mara tano. Shule, zahanati na visima vilivyotosha wakati wa babu haviwezi kutosha leo, hata kama havikuharibika.

Hesabu ya mwaka 1980 ina funzo la pekee kwa watu wa majeshi. Idadi ya jumla ilipatikana, lakini nyaraka zake nyingi zilipotea katika misukosuko ya vita ya miaka ile. Hivyo basi, taifa lilikaa miaka mingi bila maelezo kamili juu ya watu wake. Vita haviharibu madaraja na majengo tu. Huharibu pia kumbukumbu, na daraja hujengwa upya upesi kuliko kumbukumbu. Jirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walihesabu watu wao kwa ukamilifu kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Tangu hapo mipango yao hutegemea makadirio.

Hesabu ya mwaka 2024, ambayo usiku wake ulikuwa ule wa tarehe 9 Mei, ilikuwa ya kwanza nchini kufanywa kwa kompyuta ndogo za mkononi badala ya karatasi. Zamani karani alijaza fomu kwa kalamu. Fomu zikafungwa, zikasafirishwa, kisha wakatafutwa watu wengine wa kuziingiza katika mashine. Kila hatua ilikuwa na nafasi ya kosa. Kifaa cha mkononi kina faida kwamba chaweza kuwekewa masharti: karani akiandika kwa bahati mbaya kwamba mtoto ni mkubwa kuliko mama yake, kifaa chaweza kulikataa jibu hilo pale pale mlangoni. Hata hivyo, kazi haikuwa nyepesi. Ilipangwa kumalizika tarehe 19 Mei, ikabidi iongezewe siku hadi tarehe 25 Mei. Matokeo ya mwanzo yalitangazwa mwezi wa Juni mwaka ule ule.

KAPU LA BIDHAA

Baada ya watu huja bei. Ofisi ya Takwimu ya Uganda, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, hutuma watu wake masokoni na madukani katika miji kama Kampala, Jinja, Mbale, Masaka, Mbarara, Gulu na Arua. Watu hao huandika bei za vitu vile vile, kwa vipimo vile vile, mwezi baada ya mwezi. Orodha ya vitu hivyo huitwa kapu la bidhaa. Ndani ya kapu mna vyakula, mkaa, nauli, kodi ya nyumba, ada za shule, dawa, sabuni na vinginevyo.

Lakini vitu hivyo havipewi uzito sawa. Bei ya chumvi ikiongezeka maradufu, nyumba haitatikisika, kwa sababu fedha tunazotumia kwa chumvi ni kidogo. Bei ya unga wa posho ikiongezeka kwa robo tu, kila mama wa nyumbani atajua. Kwa hiyo kila kitu hupewa uzito kulingana na sehemu ya matumizi ya familia inayokwenda kwa kitu hicho. Uzito huo hupatikana kwa kuzitembelea kaya na kuziuliza zinatumiaje fedha zao. Na kwa kuwa maisha hubadilika, uzito nao hauna budi kubadilishwa. Kapu lililokuwa likitumika zamani lilifuata matumizi ya mwaka 2005/06. Likafuata lile la mwaka 2009/10. Na lile lililolifuata lilijengwa juu ya matumizi ya mwaka 2016/17. Familia ya miaka ya zamani ilinunua mihuri ya posta. Ya siku hizi hununua muda wa maongezi ya simu. Kapu lisilobadilishwa lingeendelea kupima mihuri.

Hapa yafaa kuondoa kosa moja linalorudiwa sana. Redio ikisema kwamba mfumuko wa bei umepungua, haina maana kwamba bei zimeshuka. Tuchukue mfano. Kilo moja ya sukari ilikuwa shilingi 4,000. Mwaka uliofuata ikawa shilingi 4,400. Hapo bei imepanda kwa asilimia 10. Mwaka wa tatu ikawa shilingi 4,532. Hapo imepanda kwa asilimia 3. Mfumuko umepungua kutoka 10 hadi 3, lakini sukari imeendelea kuwa ghali, nayo haikurudi kwenye shilingi 4,000. Ni kama gari lililopunguza mwendo: halijasimama, wala halijarudi nyuma.

Wazee wetu wanaujua mfumuko wa kweli. Katika mwaka 1987 bei zilikuwa zikipanda kwa zaidi ya asilimia 100 kwa mwaka, na mwezi wa Mei mwaka huo shilingi mpya ikatolewa, moja kwa kila 100 za zamani. Mwezi wa Oktoba 2011 mfumuko ulipita asilimia 30. Mwezi wa Oktoba 2022, baada ya mafuta na vyakula kupanda duniani, ulifika asilimia 10.7, na katika mwaka 2024 ulikaa kati ya asilimia 2 na 5. Benki Kuu hutazama tarakimu hizi inapoamua kupandisha au kushusha riba, ikiwa na lengo la kuuweka mfumuko karibu na asilimia 5. Kwa hiyo karani anayeandika bei ya nyanya sokoni Arua anachangia kuamua riba atakayotozwa askari akikopa ili ajenge nyumba ya bati.

KWA NINI NYUMBANI KWAKO NI TOFAUTI

Mama mmoja aweza kuuliza: “Mbona wanasema bei zimepanda kwa asilimia chache, nami naona mzigo umekuwa mkubwa?” Swali hilo ni la haki, na jibu lake lapatikana kwa hesabu ya darasani.

Tuseme familia ya kwanza hutumia shilingi 400,000 kwa mwezi: chakula 200,000, mkaa na umeme 60,000, ada na vitabu 80,000, nauli 40,000, sabuni na dawa 20,000. Chakula kikipanda kwa asilimia 10, familia itaongeza shilingi 20,000. Mkaa na umeme vikipanda kwa asilimia 20, itaongeza 12,000. Nauli ikipanda kwa asilimia 5, itaongeza 2,000. Vingine visipopanda, jumla ya nyongeza ni shilingi 34,000, yaani asilimia 8.5.

Sasa tazama familia ya pili, nayo ina shilingi 400,000 hizo hizo, lakini ina shamba, hivyo hununua chakula cha 100,000 tu. Mkaa na umeme ni 30,000, ada 150,000, nauli 100,000, sabuni na dawa 20,000. Bei zikipanda kwa kiasi kile kile, nyongeza yao ni 10,000 na 6,000 na 5,000, jumla 21,000, yaani asilimia 5.25. Soko ni moja na bei ni moja, lakini mzigo ni tofauti.

Tarakimu ya taifa ni wastani wa familia zote hizo. Wastani haudanganyi, ila haumwelezi mtu mmoja mmoja. Familia inayotumia sehemu kubwa ya mshahara kwa chakula na mkaa, kama zilivyo familia nyingi za kambini na za mistari ya polisi, itauona mfumuko kuwa mkubwa kuliko wastani kila vyakula vinapopanda. Tena askari huhamishwa. Mshahara ule ule uliotosha Mbarara, mahali palipo karibu na mashamba ya ndizi na maziwa, huenda usitoshe Moroto. Anayepanga marupurupu ya askari na asitazame bei za mahali, anapanga kwa kubahatisha.

PATO LA TAIFA NA MWAKA WA KIZIO

Pato la taifa ni thamani ya vitu na huduma zote zilizotolewa nchini kwa mwaka. Ili kujua kama uzalishaji umeongezeka kweli, au ni bei tu zilizopanda, wataalamu huchagua mwaka mmoja na kupima miaka mingine kwa bei za mwaka huo. Huo ndio mwaka wa kizio. Mwaka wa kizio ukizeeka, picha ya uchumi huharibika, kwa sababu kazi mpya zilizozuka baadaye hazionekani vizuri. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini mwaka 2009. Uchumi uliopimwa kwa kizio cha mwaka 2009/10 uliikuta huduma hiyo ikiwa changa mno. Ilipofika mwaka 2016/17 ilikuwa imeenea hadi vijijini, na askari aliye zamu ya mpakani aliweza kuwatumia wazazi wake fedha kabla ya jua kuchwa. Mwaka 2019 Ofisi ya Takwimu ilitoa hesabu mpya za pato la taifa kwa kizio cha 2016/17.

Mabadiliko ya namna hii yameleta mshangao katika nchi nyingine za Afrika. Mwaka 2010 Ghana ilibadili kizio chake, na pato lake likaonekana kubwa zaidi kwa karibu asilimia 60. Mwaka 2014 Nigeria, iliyokuwa ikitumia kizio cha mwaka 1990, ilihamia mwaka 2010, na pato lake likaongezeka kwa asilimia 89. Mwaka huo huo jirani zetu wa Kenya walibadili kizio, pato lao likaongezeka kwa asilimia 25.

Je, Wanigeria waliamka asubuhi wakiwa matajiri? La hasha. Hakuna kibanda kilichoongezwa wala gunia lililovunwa kwa sababu ya hesabu ile. Kilichobadilika ni macho ya mhesabu: simu, filamu na biashara ndogo ndogo, ambazo zamani hakuziona sawasawa, sasa aliziona. Mtoto akipimwa kwa kamba mpya na kuonekana mrefu, hakurefuka usiku ule.

Lakini tusidhani kwamba kamba mpya haina matokeo. Deni la nchi hupimwa kwa kulilinganisha na pato. Pato likionekana kubwa, deni huonekana dogo, ingawa hakuna hata shilingi moja iliyolipwa. Kadhalika kodi iliyokusanywa huonekana ndogo kuliko ilivyodhaniwa, na serikali huulizwa kwa nini haikusanyi zaidi. Jambo hili ni zito kwetu, kwa sababu itifaki ya umoja wa fedha wa Afrika Mashariki, iliyotiwa sahihi Kampala tarehe 30 Novemba 2013, yataka kila nchi iwe na mfumuko usiozidi asilimia 8, na deni lisilozidi nusu ya pato lake. Nchi haziwezi kutumia sarafu moja ilhali kila moja ina pishi yake ya kupimia.

KAZI ZINAZOONEKANA NA ZISIZOONEKANA

Wasomaji wa kurasa hizi za nyumbani wapaswa kujua jambo jingine. Kwa kanuni za kimataifa, mihogo inayolimwa na familia na kuliwa na familia hiyo yenyewe huhesabiwa katika pato la taifa, hata kama haikufika sokoni. Lakini kuipika mihogo hiyo, kufua nguo, kumwogesha mtoto na kumwuguza mgonjwa hakuhesabiwi. Mke wa askari afanyaye kazi hizo tangu alfajiri hadi usiku, mume akiwa kazini mbali, hana mstari wake katika hesabu hiyo. Akimwajiri msichana wa kumsaidia na kumlipa, mshahara wa msichana huyo huingia katika pato. Kazi ni ile ile. Tofauti ni malipo.

Hatua zimechukuliwa ili kazi hizo zijulikane. Mwezi wa Oktoba 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva wakakubaliana kwamba neno kazi lijumuishe shughuli hizi zote, ingawa neno ajira libaki kwa kazi ya malipo au ya faida. Hapa kwetu Ofisi ya Takwimu ilifanya uchunguzi wa matumizi ya muda mwaka 2017/18, ukiuliza watu wanatumiaje saa za siku. Matokeo ya makubaliano yale yaweza kumchanganya msomaji: mkulima alimaye chakula chake tu hahesabiwi tena kuwa katika ajira. Kwa hiyo idadi ya walioajiriwa ikionekana imeshuka kati ya ripoti ya zamani na mpya, ni lazima kwanza kuuliza kama ni watu waliopoteza kazi au ni maana ya neno iliyobadilika.

Vivyo hivyo kuhusu umaskini. Uchunguzi wa kaya wa mwaka 1992/93 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya wananchi walikuwa maskini. Ule wa 2019/20 ulionyesha asilimia 20.3, na ule wa 2023/24 asilimia 16.1. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini mstari wa umaskini uliotumika ulitokana na mahitaji ya miaka ya tisini. Ulipotengenezwa mstari mpya unaolingana na maisha ya sasa, uchunguzi ule ule wa 2019/20 ulitoa karibu asilimia 30. Hapana aliyefukarika katikati ya kurasa mbili za ripoti. Ni kipimo kilichoinuliwa. Msomaji mwaminifu hutaja tarakimu pamoja na kipimo chake.

MPAKANI NA KITUONI

Askari na polisi wanashiriki katika kazi hii kuliko wanavyodhani. Katika mipaka yetu, kama Busia, Mutukula, Katuna na Mpondwe, kila siku watu huvuka na maharagwe, mahindi, samaki na nguo, kwa baiskeli na kichwani, bila hati za forodha. Tangu mwaka 2005 Ofisi ya Takwimu pamoja na Benki Kuu zimekuwa zikiweka watu mipakani kutazama na kuandika mizigo hiyo, kazi iliyosimama wakati wa ugonjwa wa korona kisha ikaendelea. Bila hesabu hiyo, vitabu vya biashara vingesema kwamba hatuuzi kitu kwa majirani zetu, ilhali mabega ya akina mama yasema vingine. Mwandishi wa hesabu hakamati mtu wala hatozi kodi. Afande aliye zamu akimchanganya na mtoza ushuru, wavukaji watapita njia za panya na hesabu itaharibika.

Kituoni nako, daftari la matukio ndilo chimbuko la ripoti ya uhalifu ya kila mwaka. Konstebo akiacha kuandika wizi wa kuku kwa kuuona mdogo, au akiandika tarehe ya kubuni, kosa lake husafiri hadi makao makuu, na kutoka hapo hurudi kwake kwa sura ya askari wachache na gari lisilotosha.

WAJIBU WETU

Ndugu msomaji, takwimu iliyoboreshwa haitii unga chunguni. Faida yake ni kumwezesha anayegawa kujua wapi chungu ni kitupu, na kumwezesha mwananchi kuuliza swali la haki endapo mgao haukufika. Mwalimu asiyeita majina hawezi kujua nani hakuja. Vivyo hivyo mtoto anayekataa kuitika asilalamike kwamba amesahauliwa.

Tuanzie basi nyumbani. Mama watoto na baba watoto wakae pamoja, wanunue daftari dogo, waandike kwa mwezi mmoja kila shilingi iliyotoka na kazi iliyofanya. Mwezi wa sita waandike tena, walinganishe. Hapo watajua mfumuko wa nyumba yao wenyewe, nao wataweza kuusikiliza ule wa redioni kwa akili, bila kuushangilia ovyo wala kuudharau. Na siku karani atakapobisha hodi akiuliza mnakula nini na mnatumia kiasi gani, msimjibu kwa kujisifu wala kwa kujitia umaskini. Mjibuni kutoka katika daftari.